Toba ya Agosti

Mwinjilisti Eliezeri alitoka Mbeya na lori, spika mbili na koti jeusi, akaja kuwahubiria Wahehe waache ulanzi, pombe ya mianzi. Alikuja Agosti. Evarista aliposikia tangazo la mkutano wake kijijini alicheka hadi akaketi chini, maana hata kuku wa Iringa wanajua kwamba Agosti mianzi haitoi tone. Ulanzi ni wa wakati wa mvua. Chipukizi la mwanzi hukatwa ncha, linatundikiwa mbeta, kile kipande cha mwanzi cha kukingia, na utomvu unadondoka kutwa. Kiangazi ukienda na kisu chako utarudi nacho kikavu vilevile.

Lakini nani angemwambia? Mwinjilisti alikuwa mtu wa kusema, hakuwa mtu wa kuuliza. Kokote alikopita, kuanzia Mbalizi mpaka huku, alihesabu mikono iliyoinuliwa na kupeleka hesabu kwa wakubwa wake wa misheni, na wakubwa wakampa petroli ya kwenda kuhesabu mingine.

"Nani anauacha ulanzi leo?" spika zilinguruma uwanja mzima.

Mikono yote ikainuka. Kwa nini isiinuke? Watu walikuwa wanaacha kitu ambacho hawakuwa nacho. Pombe ya mahindi iliyokuwa ikichacha katika vyungu vya nusu ya kijiji mwinjilisti hakuitaja, na hakuna aliyejitolea kumkumbusha. Evarista peke yake alibaki amekunja mikono kifuani. Alikuwa Mlutheri wa kubatizwa tangu utotoni, na hakuona sababu ya kumwahidi Mungu uongo kwa kipaza sauti.

Ndipo alipomwona Kalinga anakwenda mbele, na kicheko kikamwisha.

Kalinga alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, Timotheo. Timotheo alipanda shamba la mianzi bondeni kwa mikono yake, na kutoka humo Evarista alipata fito za kusukia matenga, ambayo Mzee Mrisho, mfanyabiashara wa Iringa mjini, aliyachukua yote kwa ajili ya nyanya na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni. Timotheo alipozikwa, Kalinga alisema mali ya kaka ni mali ya mdogo, akaingia shambani na kisu chake cha kugemea. Wazee walikunywa ulanzi wake wakakubaliana naye. Tangu hapo Evarista alilima vibarua katika mashamba ya watu, na mgongo wake ulikuwa unamwambia kila jioni kwamba hautaweza mwaka mwingine.

Sasa Kalinga alikuwa amepiga magoti mavumbini, analia kwa sauti, mwinjilisti amemwekea mkono kichwani. Moyo wa Evarista ulimruka. Kama kweli Mungu amemshika mtu huyu, alijiambia, basi kesho nina mianzi yangu.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwake.

"Bwana asifiwe, shemeji!" Kalinga alimpokea huku akitabasamu. Ndiyo ilikuwa salamu mpya ya waliookoka.

"Asifiwe. Shemeji, nimefurahi kwa ajili yako. Nimekuja tuongee habari ya mianzi ya kaka yako."

Tabasamu halikuondoka, ila lilikauka. "Hayo ni ya kale, shemeji. Yamefutwa yote jana. Bwana mwenyewe hayakumbuki tena, wewe unayakumbuka ya nini?"

"Bwana halimi vibarua," alisema Evarista.

Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye lori, mwinjilisti akiwa anafunga spika zake, akamweleza kila kitu. Eliezeri alimsikiliza huku akiangalia saa.

"Mama, huyu bado ni mtoto mchanga katika imani," alisema. "Usimkwaze kwa mambo ya dunia. Na mimi naona uchungu moyoni mwako. Jana hukuinua mkono. Tupige magoti, utubu huo uchungu."

Evarista alimtazama koti lake, akatazama viatu vyake, akageuka akaenda zake. Alikuwa na hasira hata njia hakuiona. Mwizi amesamehewa, aliyeibiwa anaambiwa atubu! Wokovu gani huu, unaomvua mtu dhambi na kumwachia alichoiba?

Mvua zilipoanza, toba ya Agosti ilisombwa pamoja na mavumbi ya Agosti. Vilabu vilijaa. Kalinga naye aliingia bondeni na kisu, na walipomuuliza alijibu bila haya, "Nimeacha kunywa. Kuuza sikuapa."

Evarista akaanza jambo lake. Kila asubuhi, akienda kibaruani, alipita kando ya shamba lile na kupaza sauti, "Bwana asifiwe, shemeji uliyeokoka!"

Mwanzoni Kalinga aliitikia kwa nguvu, kisu mkononi. Baadaye aliitikia chini chini. Kisha akaanza kuchelewa kuja shambani ili asikutane naye, naye Evarista akawa anamngoja. Ilikuwa raha yake pekee, na hakuona aibu kuifurahia.

Asubuhi moja Kalinga hakuitikia. Alitoka kwenye mianzi, maji ya mvua yakimtiririka usoni.

"Shemeji, unanisalimia au unanicheka?"

"Nakucheka."

Evarista alidhani atamtukana. Kalinga alibaki amesimama palepale, anamtazama jembe lake begani na viganja vyake vilivyochubuka, kama aliyekuwa hajawahi kuviona. Kisha akarudi kwenye mianzi. Siku zilizofuata Evarista aliona mbeta zimejaa mpaka ulanzi unamwagika chini, na hakuna aliyekuja kuzishusha.

Mwezi Machi mwinjilisti alirudi, safari hii na Wazungu wa misheni, ili waone mavuno yake. Lori lilikwama topeni chini ya kilima. Waongofu wa Agosti wakaja kulisukuma, wakiimba kwa furaha kubwa na kunuka ulanzi kutoka mbali. Mwinjilisti aliwaeleza wageni kwamba mianzi ya huku, ikilowa, ina harufu yake.

Kisha akamwita Kalinga mbele ya spika, atoe ushuhuda.

Kalinga alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Mwaka jana nilitubu ulanzi," alisema. "Ilikuwa Agosti. Ninyi nyote mnajua Agosti kuna ulanzi gani."

Watu waliangua kicheko. Mwinjilisti naye alicheka, ingawa hakuelewa.

"Nilimpa Mungu nisichokuwa nacho. Nilichokuwa nacho nilikificha. Mianzi ya bondeni siyo yangu. Kaka yangu aliipanda, ni ya mke wake. Nilimwibia mjane, nikalia hapa mbele yenu, nikarudi nyumbani nikaendelea kumwibia. Nilisema wokovu umefuta. Haukufuta kitu, maana sikuwa nimeokoka."

Wageni walitaka kujua amesema nini. "Anasema ana furaha tele," mwinjilisti aliwatafsiria. Akamnyang'anya kipaza sauti, akaanzisha pambio kwa sauti ya juu. Lilipokwisha, aliwaomba watu wafumbe macho wamwombee ndugu Kalinga, ambaye shetani alikuwa amemwangusha. Wakafumba macho wakamwombea, walevi wale wote, kwa huruma nyingi.

Evarista hakufumba. Alitaka kucheka, na hakuweza.

Asubuhi iliyofuata alishuka bondeni. Mbeta zote zilikuwa zimeteremshwa, zimepangwa kando ya njia, na kisu cha kugemea kimewekwa juu yake. Upande mmoja kulikuwa na mzigo wa fito zilizokwisha kupasuliwa, tayari kwa matenga. Kalinga alikuwa ameinama anafunga mzigo wa pili, wala hakuinua uso.

Evarista alifungua mdomo. Salamu yake ya kila siku ilikuwa pale pale ilipozoea kukaa.

"Bwana asifiwe, shemeji," alisema, na akashangaa, maana dhihaka haikuwemo.

Kalinga alikuwa analia juu ya zile fito, na safari hii hapakuwa na mtu wa kumhesabu.