Kisanduku cha Tano

Mlangoni pa maktaba ya chuo cha udaktari palitundikwa bango la KIMYA TAFADHALI, na aliyelitundika ndiye aliyekuwa wa kwanza kulivunja kila asubuhi. Wauguzi walimwita Redio. Ukitaka kujua nani kahamishwa, nani kaposwa, na lifti ipi imekufa tena na watu ndani, ulikwenda kwa Redio ukijidai unaazima kitabu.

Lakini usimwone hivyo ukadhani hakuwa na kazi. Kazi alikuwa nayo, tena kazi ambayo hata mumewe alichukua miaka miwili kuielewa. Redio alikuwa mkutubi wa wodini. Kila Jumatatu na Alhamisi alivaa koti jeupe, akabana karatasi zake kifuani na kujiunga na madaktari kwenye raundi. Wakifika kitandani wakakwama, wao wakikuna vichwa, yeye alilinasa lile swali, akashuka nalo maktabani, akapekua majarida ya dunia nzima kwenye kompyuta, kisha akapanda tena na habari za watu waliokwisha kukutana na jambo kama lile. Kwa ufupi, alikuwa mbea wa kimataifa, ila umbea wake ulipigwa chapa.

Alikuwa na fomu yake yenye visanduku vinne. Cha kwanza, mgonjwa ni nani na ana nini. Cha pili, tunafikiria kumfanyia nini. Cha tatu, tusipofanya hicho tufanye kipi. Cha nne, tunatafuta matokeo gani.

"Swali lisiloenea visanduku vinne halijaiva," aliwaambia wanafunzi. "Lirudisheni jikoni."

Shida ilikuwa moja. Hii ya kuzunguka wodini ilikuwa ya majaribio, miezi mitatu, na miezi ilikuwa inaisha Ijumaa. Wa kuamua alikuwa Profesa, mkuu wa wodi, mtu mwembamba mwenye rula mfukoni, anayepima maneno kama mtu anayepima dawa ya mtoto. Wiki ya pili tu tangu Redio aanze, alimsikia akieleza habari aliyoambiwa na jirani wa mgonjwa, akamkata palepale.

"Mkutubi, kwenye fomu yako ingiza yaliyo kwenye faili. Umbea uache mlangoni pamoja na mwavuli wako."

Redio alicheka pamoja na wengine, lakini moyoni lilimkaa. Tangu siku hiyo kisanduku cha kwanza alikijaza kutoka kwenye faili, neno kwa neno. Hakutaka kurudishwa kwenye rafu kupangusa vumbi. Watu alikuwa amewazoea, na kitabu, hata kiwe kizuri vipi, hakikuulizi watoto hawajambo.

Jumatatu ya wiki ile ya mwisho raundi ilisimama kwa Mama Kicheko, fundi cherehani wa miaka sitini na minane, aliyepewa jina hilo na wodi nzima siku aliyolazwa. Daktari kijana, yule waliyemwita Twiga kwa urefu wake, akasoma faili. Miguu ina ganzi miezi minane sasa. Anayumba akitembea. Damu imepungua. Vitamini B12 imepimwa mara mbili, iko sawasawa. Hatumii dawa yoyote.

"Bibi, miguu unaisikiaje?" Profesa aliuliza.

"Siisikii, baba, ndiyo kesi yenyewe. Nakanyaga pedali ya cherehani kama nakanyaga pamba. Juzi nimeshona mkono wa gauni kwenye pindo, nikamwambia mteja ndiyo mtindo mpya."

Wanafunzi wakacheka. Profesa hakucheka. "Mkutubi. Mbali na B12, ni nini kingine huleta sura hii?"

Redio akaandika. Raundi ikasogea kitanda cha pili, yeye akabaki nyuma nusu dakika kama kawaida yake, maana miguu yake haikujua kupita mtu bila kumjulia hali.

"Mwanangu," Mama Kicheko akamnong'oneza, mkono mdomoni, "hebu nipe hicho kitube hapo kwenye kabati, kabla sijacheka tena meno yakakurukia."

Kilikuwa kitube cha gundi ya meno bandia. Redio akakibonyeza. "Mbona kitupu, Bibi?"

"Cha juzi hicho. Mjukuu ataleta kingine. Meno haya yalichongwa nikiwa na mashavu. Mashavu yakaondoka, meno yakabaki kama wageni wasiojua kuaga."

Redio alicheka hadi Sista mkuu wa wodi akamkazia macho. Kisha akashuka maktabani na kujaza kisanduku cha kwanza kutoka kwenye faili. Gundi haikuwamo kwenye faili, basi hakuiandika.

Kompyuta ilimletea makala zaidi ya mia tatu. Alizichuja mchana kutwa zikabaki kumi na mbili, na Jumanne asubuhi akampelekea Profesa ofisini. Profesa akazipekua amesimama.

"Kumi zinaniambia nipime vitamini niliyokwisha kuipima mara mbili. Hizi mbili zinasema upungufu wa madini ya shaba mwilini, kwa watu waliokatwa utumbo. Huyu bibi hajawahi kupasuliwa hata jipu. Kwa nini akose shaba?"

"Sijui, Profesa."

"Hata mimi. Ijumaa tutazungumza."

Alilitamka hilo kwa upole, na upole ndio uliomtisha Redio.

Nyumbani jioni hiyo palikuwa kama kawaida, yaani pamejaa. Mume, watoto watatu, shangazi yake Redio aliyekuja kukaa wiki mbili mwaka juzi, na majirani wawili waliokuja kuazima ngazi wakakaribishwa chakula. Redio akawasimulia yote.

"Ijumaa narudishwa kwenye rafu. Mtaniona nimefunikwa vumbi mkidhani ni kamusi."

"Profesa mwenyewe ana mke?" aliuliza jirani.

"Swali hilo linahusu nini?"

"Nauliza tu."

Kabla hawajafika mbali, sauti ya Shangazi ikatoka bafuni. "Nani kachezea gundi yangu ya meno? Kitube kimebinywa katikati kama kimekanyagwa!"

"Si utanunua kingine, Shangazi," Redio akajibu bila kugeuka.

"Kununua kingine! Tangu mwaka uanze hiki ni cha pili tu. Kwani mimi naila?"

Redio alikuwa na kijiko njiani kuelekea mdomoni. Kikasimama hapohapo.

"Umesemaje?"

"Nimesema siili."

Redio akainuka, akaenda bafuni, akamnyang'anya shangazi yake kitube. Mtu wa maktaba husoma chochote chenye maandishi, hata mgongo wa boksi la sabuni, na huyu alikisoma kile kitube kuanzia kifuniko hadi maandishi madogo ya chini, akikisogeza kwenye taa. Miongoni mwa vilivyomo palikuwa na zinki.

"Huyu kapatwa na nini?" Shangazi akauliza watu wa mezani.

"Kazi," mumewe akasema. "Mpisheni."

Jumatano maktaba ilipofunguliwa, Redio alikuwa tayari mlangoni. Safari hii alitafuta zinki, meno bandia na ganzi ya miguu kwa pamoja. Hazikuja mia tatu. Zilikuja sita. Alizisoma moja baada ya nyingine, na kila moja ilikuwa kama imeandikwa na mtu aliyekaa pembeni mwa kitanda cha Mama Kicheko. Watu wenye meno yanayocheza, gundi nyingi kila siku, miaka kadhaa. Zinki ikizidi mwilini huizuia shaba isiingie, na shaba ikikosekana damu hupungua na miguu hufa ganzi.

Alipanda ngazi mbili mbili, lifti ikiwa imekufa tena.

"Bibi, kwa wiki unamaliza vitube vingapi?"

"Viwili. Wageni wakiwa wengi, vitatu, maana nacheka."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa nne huu. Kwani vimepanda bei?"

Redio akakichukua kile kitube kitupu, akakisoma mgongoni. Zinki ilikuwamo. Akageuka akamkuta Sista amesimama, mikono kiunoni.

"Redio, wewe si daktari."

"Ndiyo maana nabeba karatasi, Sista. Sibebi sindano."

"Na Profesa alikwambia nini kuhusu umbea?"

Redio akakitia kitube mfukoni, akashuka. Neno hilo lilimfuata hadi nyumbani, likalala naye, likaamka naye. Kesho yake ilikuwa Alhamisi, raundi ya mwisho kabla ya Ijumaa, na kitu pekee alichokuwa nacho mkononi ni kile alichokatazwa kukileta.

Walipofika kitandani, Twiga akainama sikioni mwake. Alikuwa amekwisha onyeshwa zile makala kwenye ngazi. "Sema umekuta kwenye faili. Nitaiandika sasa hivi, hakuna atakayejua."

Redio akamtazama kijana wa watu kwa huruma. Maisha yake yote yeye alikuwa mtu wa kusema habari imetoka wapi. Makala isiyo na chanzo haikupata nafasi kwenye kompyuta yake, sembuse kwenye raundi.

"Kuna jipya?" Profesa akauliza.

"Lipo, Profesa. Ila halimo kwenye faili." Akabana karatasi zake kifuani. "Ni umbea."

Twiga akafumba macho.

"Umbea wa nani?"

"Wa mgonjwa mwenyewe, Jumatatu, wakati ninyi mmekwisha sogea. Nikauacha mlangoni kama ulivyoniagiza. Kosa langu, nimekupotezea siku tatu." Akamkabidhi kile kitube kitupu na zile makala sita. "Anamaliza viwili kwa wiki, mwaka wa nne. Shangazi yangu, tangu mwaka uanze, yuko kwenye cha pili tu."

Profesa alivaa miwani, akasoma papo hapo. Makala ya kwanza. Ya pili. Bango la maktaba halikuwahi kupata kimya kama kile. Kisha akamgeukia Twiga.

"Ulimuuliza dawa anazotumia?"

"Nilimuuliza, Profesa. Akasema hatumii."

"Dawa?" Mama Kicheko akaingilia kati. "Hiyo ni gundi, baba! Ungeniuliza gundi ningekwambia gundi. Na ungeniuliza uzi ningekwambia uzi."

Ilikuwa mara ya kwanza watu wale kumwona Profesa akijizuia kucheka. Akaagiza damu ipimwe shaba na zinki, na bibi asiguse gundi tena hadi jibu lirudi. Kipimo chenyewe hakikufanyika pale, damu ingesafirishwa, na majibu yangechukua wiki.

"Na Ijumaa yangu, Profesa?" Redio akauliza, sauti imepungua nusu.

"Ijumaa yako itasubiri damu."

Wiki ile ilikuwa ndefu. Redio alipanga rafu mbili nzima bila kumweleza mtu habari yoyote, hadi wanafunzi wakaanza kuulizana kama anaumwa. Huko wodini Mama Kicheko, mdomo wazi bila meno, alisimulia hadithi ambazo nusu yake haikusikika, na zilichekesha zaidi hivyo.

Alhamisi iliyofuata Twiga alikuja na karatasi ya majibu ameinyanyua juu, na kwa urefu wake karibu iguse dari. Zinki ilikuwa juu mno. Shaba ilikuwa chini kabisa, karibu na kutokuwapo.

"Tutakurudishia shaba, Bibi," Profesa alieleza, ameketi pembeni mwa kitanda. "Damu itapanda upesi. Miguu siwezi kukuahidi yote, mishipa ina taratibu zake, lakini haitaendelea kuharibika. Na fundi wa meno atakuchongea mengine yanayokutosha."

Mama Kicheko akatafakari. "Kumbe kikulacho ki kinywani mwako!"

Wodi ikalipuka. Sista mwenyewe alishika kitanda asianguke.

Profesa akasubiri kelele zipungue, akanyoosha mkono. "Mkutubi, fomu yako."

Redio akampa. Profesa akatoa rula, akatoa kalamu, na chini ya vile visanduku vinne akachora cha tano, pembe zake zimenyooka kama dirisha. Ndani yake akaandika: *Yaliyosikika.*

"Na kila mara uandike nani kasema," akaongeza. "Habari bila chanzo siitaki wodini kwangu."

"Kwa hiyo Jumatatu nije?"

"Kwani nani mwingine atabaki nyuma nusu dakika? Lisemwalo lipo, Mkutubi."

"Kama halipo, laja," Redio akamalizia, kisha akageukia dirisha ajifanye anatazama mvua, ingawa jua lilikuwa linawaka.

Baada ya miezi miwili Mama Kicheko alirudi kliniki na mkongojo mmoja na meno mapya yaliyokaa kama yamezaliwa naye. Damu ilikuwa imepanda. Pedali, alisema, mguu wa kushoto umeanza kuisikia, wa kulia bado unanuna. Wateja walikuwa wanamdai ule mtindo wa mkono kwenye pindo, naye alikuwa amesahau alivyoushona.

Na alasiri ya siku hiyohiyo, Profesa, ambaye hakuwahi kukanyaga maktabani bila barua rasmi, alichungulia mlangoni, akatazama kushoto na kulia, akaingia.

"Mkutubi, nina swali. Sidhani litaenea visanduku vinne."

"Linahusu nini, Profesa?"

Akashusha sauti. "Nasikia jana lifti ilikufa na mkuu wa chuo ndani, pamoja na mtu ambaye hawasemeshani."

Redio akaligeuza bango la KIMYA TAFADHALI lielekee ukutani.

"Funga mlango," alisema, "uvute kiti."