Kundi la Ngamia Peke Yake

Ngamia kumi na wawili wa Mzee Kulow walikuwa wamekwisha pandishwa lori, na dereva alikuwa amesema wazi: akisikia adhana ya adhuhuri ataswali, kisha ataondoka kwenda Modogashe, hati iwepo isiwepo. Bila hati ya chanjo wangerudishwa kwenye kizuizi cha kwanza tu. Ndani ya ofisi ya chama cha wafugaji, pale Garissa, Arbia alikuwa akitokwa na jasho mbele ya kompyuta.

Yeye ndiye aliyewashawishi wazee wainunue. Alikuwa amemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia, 1996, akiamini kwa moyo wake wote kwamba mfugaji hapaswi kushinda siku tatu mlangoni pa ofisi akingojea kipande cha karatasi. Mwenyekiti Adow yeye aliamini daftari na karatasi ya kaboni. Asubuhi hiyo alikuja na boksi tupu la kompyuta akaliweka mezani.

"Lori ikienda bila hati, binti yangu, hii mgeni wako inarudi kwa boksi yake."

Arbia akabonyeza. Mashine ikafungua faili la ngamia bila taabu, halafu ikaandika kwenye kioo: ruhusa imekataliwa. Printa ikanyamaza kama maji mtungini.

"Imesema nini?" Mzee Kulow akauliza.

"Printa imeikataa programu yangu, adeer," Arbia akamjibu, kwa heshima ya mtu anayemwita mzee baba yake mdogo. "Programu ni kama karani. Ili ifungue faili la ngamia lazima iwe kwenye kundi la ngamia. Ili ichape, lazima iwe kwenye kundi la printa."

"Na iko kundi gani?"

"Yote! Tangu mwanzo ilikuwa kwenye kundi la chanjo na la printa. Jana nikaiongezea na la ngamia."

"Basi hiyo brinta ni jeuri tu. Iulize baba yake nani."

Arbia akaona heri aiulize programu yenyewe. Akaiagiza itaje makundi yake yote. Kioo kikaleta neno moja: ngamia. Akakitazama kama mtu aliyefungua zizi akakuta mbuzi mmoja.

Qali, mpiga chapa wa ofisi, alikuwa akipita na birika la chai. "Kuna msiba?"

"Eeddo, shangazi yangu, nimeiingiza kundi moja, imepoteza mengine yote."

"Haiwezekani! Mimi kwetu Hadado, nikaolewa Takaba. Hadado walinifuta lini? Hata jina la baba yangu sikuliacha njiani."

Arbia akajipiga kofi kwenye paji la uso. Hapo ndipo alipokosea. Amri yenyewe, setgroups, aliisoma kwa Kiingereza akaielewa kwa Kisomali. Kwao mtu huongezewa jamaa, hapunguziwi. Lakini mashine haikuwa na adabu hiyo: ilifuta orodha nzima na kuandika tu ile uliyoileta mkononi. Ilibidi kwanza aiombe orodha ya zamani, aiongezee ngamia, kisha airudishe yote pamoja.

Akaufuta mstari wa jana, akaandika mpya mbiombio na kuuweka mwisho kabisa wa programu. Akabonyeza. Kioo: hairuhusiwi.

"Sasa nini tena?" Adow akauliza, mkono juu ya boksi.

"Inaamka na mamlaka makubwa, adeer, mamlaka ya kugusa kila kitu," Arbia akasema. "Halafu inayaacha, isije ikaharibu. Sasa inaomba kubadilisha makundi, inakataliwa."

"Inaomba baada ya kuacha mamlaka?"

"Ndiyo."

Adow, aliyekuwa mwenyekiti kwa miaka kumi na tisa, akaangua kicheko. "Imejiuzulu kwanza? Mjinga hiyo! Mtu anapanga watu wake akiwa bado kwa kiti!"

Arbia akamkodolea macho. Kisha akauinua ule mstari, akauweka juu ya ule wa kuacha mamlaka. Nje, mwadhini akakohoa kwenye kipaza sauti. Akabonyeza.

Printa ikalia krii, krii, krii, mstari baada ya mstari. Mzee Kulow hakungoja, aliichana hati ikiwa bado na vitobo vyake pembeni akatimua mbio, na Adow nyuma yake akipiga kelele, "Muhuri, wewe mzee, muhuri!" Qali aliyekuwa dirishani akasema wamegongea hati muhuri ubavuni mwa lori, na ngamia mmoja amemtemea mwenyekiti mate kwenye kilemba.

Adow akarudi akihema, akavuta kiti karibu na Arbia.

"Mimi niko kundi gani humo ndani?"

"Hauko, adeer."

"Hauko? Miaka kumi na tisa? Niweke. Mbuzi, ngamia, brinta, zote. Na hiyo mamlaka kubwa pia."

Arbia akakitazama kwa huruma kile kilemba kilicholoa.

"Nitakuweka kwenye mbuzi," akasema. "Kwa kusoma tu, bila kugusa."

"Kusoma tu," Adow akakubali baada ya kufikiri. "Kwanza."