Povu Lenye Miguu

Mgeni alifika Jumanne saa mbili asubuhi, bila hodi, akatua katikati ya Bwawa la Tatu.

Kipimo alikuwa amechutama ukingoni na chupa yake ya sampuli. Wenzake kwenye mabwawa ya majitaka walimpa jina hilo kwa sababu hakuwa mtu wa kupima kitu mara moja kama angeweza kukipima mara tatu. Hata ndege yule, Kipimo alimtazama mara tatu. Mkubwa kuliko bata, mweupe, mgongo wa kijivu hafifu, miguu ya waridi, na ncha za mabawa nyeupe pee, hata doa jeusi hakuna. Shakwe. Ndege wa bahari, tena shakwe wa nchi za barafu, ambaye kwenye kitabu chake cha ndege ramani ilimweka juu kabisa, karibu atoke nje ya ukurasa. Kutoka hapa mpaka pwani ni siku mbili kwa basi.

Kunguru sita walimshukia. Hakuruka. Alipanua mdomo akawakemea kwa sauti ya mlango usiotiwa mafuta, nao wakatawanyika.

"Ewaa," Kipimo alinong'ona. "Usiwapishe."

Mawazo yake yalikwenda moja kwa moja kwa shangazi yake. Miaka ishirini na mbili nyuma, shangazi ndiye aliyekuwa mpimaji hapa. Asubuhi moja aliandika kwenye daftari la zamu: "Bwawa la Tatu, shakwe mmoja." Msimamizi wa wakati ule alichungulia dirishani, akaona kitu cheupe kwa mbali, akaukata mstari kwa kalamu nyekundu na kuandika juu yake: "povu." Daftari lile lina safu ya povu, safu ya maajabu halina. Tangu siku hiyo shangazi akawa Bi Povu, na jina likamwandama mpaka kwenye kadi ya kumuaga alipostaafu.

Kipimo alipoajiriwa palepale, alimwahidi: "Akija mwingine, nitakufuata. Mstari utauandika wewe."

Sasa amekuja, na amechagua siku. Leo miezi mitatu ya majaribio ya Kipimo ilikuwa inaisha. Barua ya kumthibitisha kazini ilikuwa mezani kwa msimamizi, ikisubiri sahihi. Wakaguzi wangefika saa nne, na agizo lilikuwa moja: mtu asibanduke kituoni.

"Mkuu, naomba saa moja tu," alisema mlangoni. "Kuna shakwe Bwawa la Tatu. Nataka nimlete shangazi."

Msimamizi alitupa jicho dirishani. "Hilo povu."

"Povu halina miguu, mkuu."

"Binti, sikiliza. Miezi mitatu umefanya kazi vizuri, usije ukatia mchanga kwenye pilau dakika ya mwisho. Ukivuka lango lile, barua hii inarudi kwenye droo. Shangazi yako kastaafu kwa amani bila ndege."

"Hakustaafu kwa amani. Alistaafu na jina mlilompa."

Alitoka. Mlinzi wa lango alimwona akija mbio. "We Kipimo, nyumba inaungua?"

"Bi Povu anarudi kazini!"

Mlinzi akacheka, akalifungua lango mpaka mwisho.

Shangazi alikuwa chumbani kwake akipiga pasi sare za watoto wa jirani.

"Shangazi, vaa viatu."

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Amekuja mwingine."

Shangazi aliisimamisha pasi, akachomoa waya polepole. "Na barua yako je? Si ni leo?"

"Ni leo."

"Basi rudi, mwanangu! Mimi jina hilo nimeshalizoea."

"Mimi sijalizoea."

Shangazi alimtazama, kisha akainama kutafuta viatu. "Haya. Magoti nitayadanganya kwamba tunakwenda hospitali."

Pikipiki iliwashusha langoni saa nne kasorobo. Shakwe alikuwa palepale, kifua mbele, kunguru wakimzunguka kwa mbali. Kipimo alimpa shangazi darubini. Bibi yule aliegemea nguzo ya uzio, akaielekeza bwawani.

"Ncha nyeupe," alisema hatimaye. "Miaka yote hii nimekuwa nikijiuliza kama nilikuwa mwongo." Akafuta macho kwa upindo wa kanga. "Siye yule, lakini. Huyu mnene. Labda mpwa wake."

Walipoingia ofisini, msimamizi alisimama mbele ya daftari. "Hili linaandikwa na mfanyakazi wa zamu peke yake."

"Basi shangazi akishaandika, ukate," Kipimo alisema. Sauti hakuishusha. "Kanuni ni kwamba anayekata anatia sahihi pembeni. Wakaguzi watasoma mstari, watasoma sahihi yako, halafu watachungulia dirishani."

Msimamizi naye akachungulia. Kule nje povu lilinyoosha mabawa, likajikuna shingo kwa mguu wa waridi.

Alikaa. Kalamu nyekundu hakuigusa. Aliichukua barua, akaitia kwenye droo, akazungusha ufunguo. "Miezi mitatu mingine ya majaribio. Agizo ni agizo."

Kipimo aliitazama droo. Alikuwa ameshamwambia mama yake kwamba leo anathibitishwa.

"Sawa, mkuu," alisema. Akafunua ukurasa wa siku hiyo, akaushikilia kwa viganja viwili usitikisike. "Andika, shangazi. Taratibu tu."

Shangazi akaandika, herufi kubwa, nje ya safu zote: "Bwawa la Tatu. Shakwe mmoja. Si povu."