Nyuma ya Kifuko

Sanduku la mapeasi lilikuwa limeshavuka kizingiti cha maabara mara mbili, na mara zote Daktari Pyo alilirudisha nje kwa mguu, taratibu, kama anayemfukuza paka wa jirani.

"Mama Boram, sheria hainiruhusu kupokea hata kopo la juisi. Unataka nifukuzwe kazi?"

"Basi usiyale, yatazame tu," alisema Gyeong-suk. "Sikuja kuhonga. Nimekuja kuuliza."

Daktari wa maabara hajazoea kuulizwa. Yeye hushinda na vipande vya nyama. Wenye vipande huonana na madaktari wa wodini. Lakini mama huyu, muuza supu wa Daegu, alikuwa amepiga kambi kwenye korido tangu asubuhi, na wauguzi walishanyoosha mikono. Alitaka kujua jambo moja: je, ni yeye aliyempa mwanawe saratani?

Boram alipohitimu chuo, mama yake alimpeleka Seoul kuwekewa vifuko vya silikoni vya kukuza matiti. Ilikuwa zawadi, kama majirani walivyowazawadia binti zao upasuaji wa kurembesha kope. Binti alisitasita. Gyeong-suk ndiye aliyechagua hata ukubwa, maana usaili wa kazi ulikaribia, na wachumba je? Miaka ikapita, kifuko cha kushoto kikawa kigumu, kikauma. Ikapigwa picha kuangalia kama kimepasuka, na nyuma ya mfupa wa kifua ikaonekana saratani ya tezi ya thaimasi, ugonjwa adimu ambao madaktari wengi huusoma vitabuni tu. Walimpasua, wakatoa uvimbe na vifuko vyote viwili. Tangu hapo Gyeong-suk alikuwa hali akashiba, halali akapata usingizi.

"Usinipambie maneno," alisema. "Nimewadanganya wateja miaka mingi kuhusu pilipili yangu. Uongo naujua."

Daktari Pyo alicheka bila kutaka. "Hata mimi nilishuku vifuko. Ndio utafiti wangu. Nimetafuta silikoni kwenye uvimbe, kipande kwa kipande, sikuona hata chembe. Kilichouleta sikijui, na sijui nani anakijua. Njoo uone."

Gyeong-suk aliinamia hadubini. Mwanzoni aliona kope zake mwenyewe. Kisha likafunguka shamba la rangi ya zambarau, vidoa vidogo vimesongamana kama ufuta kwenye sinia.

"Hapo ni pembeni, tezi yenyewe, iliyo nzima," alisema daktari. "Ndiyo iliyowafundisha askari wa mwili wake kujua kipi chao na kipi kigeni. Wasiofuzu hawatoki humo."

"Nani aliiambia ifanye hivyo?"

"Hakuna. Ilianza kabla hajazaliwa."

"Tumboni mwangu?"

"Mwako."

Nywele zilimsimama. Alikuwa akijigamba mtaa mzima kwamba amemlea Boram peke yake, na kumbe shule nzima iliendeshwa ndani ya mtoto bila yeye kulipa ada wala kujua mlango wake ulipo. Aliogopa kupumua, asije akaivuruga.

Daktari alibadilisha kioo, akaweka chenye kipande kingine. Sasa palikuwa na nyuzi za rangi ya waridi zilizolala safu juu ya safu. "Huu ni ukuta ambao mwili uliujenga kukizunguka kifuko. Ukuta ukaleta maumivu, maumivu yakaleta picha. Vinginevyo uvimbe ungenyamaza hadi uufikie moyo."

"Kwa hiyo vifuko vyangu vimemwokoa?"

"Vilimuumiza mwanao miaka, Mama Boram. Na bila maumivu hayo tungechelewa. Siwezi kukupa moja nikakunyima lingine."

Wodini, Boram alikuwa macho. Gyeong-suk aliketi, akahangaika na shuka lisilohitaji kunyooshwa.

"Nisamehe," alisema.

"Kwa lipi?"

"Ukubwa ule. Nilizidisha."

Boram alianza kucheka, akajishika kidonda. "Ulizidisha kweli, Mama. Hata kulala kifudifudi sikuweza." Kisha akauchukua mkono wa mama yake, akauweka kando ya bandeji. Hapakuwa na kitu katikati. Moyo uligonga kiganjani, karibu kabisa, na Gyeong-suk akaduwaa kama aliyeusikia kwa mara ya kwanza.

Tangu safari ile ya Seoul, Boram hakuwahi kuingia tena na mama yake kwenye bafu la mtaa, walikokuwa wakisuguana migongo kila Jumapili. Kila mara alikuwa na udhuru.

"Kidonda kikikauka," alisema sasa, macho ameyafumba, "twende bafuni. Unisugue mgongo."

"Nitakuchuna ngozi," alisema Gyeong-suk, na mkono hakuutoa.