Mlango wa Behewa la Mwisho

Mjane alipiga magoti akaanza kusugua kutu kwenye mlango wa behewa la mwisho. Kitasa chake kilikufa zamani. Kilichouzuia usifungukie nje ni waya tu. Mwaka jana waya uliachia, na mumewe, mkaguzi wa tiketi, akaanguka relini. Meneja wa reli aliandika kwamba marehemu alikuwa amelewa. Mtu asiyegusa pombe, ambaye hata kahawa ilimpanda kichwani! Matanga hayajaisha, mjane na wanawe wakatolewa kwenye nyumba ya reli.

Leo Laini ya Viwandani inatimiza miaka themanini. Ilijengwa ibebe vibarua, na haijawahi kuonja behewa jipya. Mabehewa yakichoka kule Laini ya Vilimani, wanakokaa wakubwa, hupakwa rangi yakaletwa huku.

"Mwenzangu, hili lako limetiwa mpaka wanja!" msafishaji mwenzake alimtania. "Meneja mwenyewe anapanda humu?"

"Mpaka kituo kinachofuata. Apigwe picha, ashuke."

Msimamizi akachungulia. "Mama, ufunike huo waya kwa kitambaa. Bosi hupenda kusimama mlangoni."

"Sawa, bwana."

Alikifunga kitambaa, akakipiga fundo zuri. Chini yake vidole vikausokotoa waya taratibu, mpaka ukamlegea mkononi. Akautia mfukoni; mlango sasa ulishikwa na kitambaa tu.

"Na wewe wakuandike mlevi," alinong'ona.

Meneja aliingia na kundi la wapiga picha, akauendea mlango. Honi ikalia.

"Mheshimiwa, tupate moja na mwananchi," mpiga picha mmoja aliomba.

Meneja akaiona aproni ya mjane. "Mama! Njoo."

"Hapa panatosha, mzee."

"Aibu za nini? Hatuumi watu." Wote wakacheka. Akamvuta kwa kifundo cha mkono, akamsimamisha mgongo mlangoni, yeye mbele yake kidogo. "Na baba watoto yuko wapi?"

"Alikuwa anafanya kazi humu humu."

"Safi sana! Familia ya reli hiyo!"

Treni ikashtuka, ikaanza kushika kasi. Mjane alihisi upepo ukimpenya kisogoni, na fundo likijivuta.

"Tabasamu, mama," mpiga picha alisema.

Akaukamata ukosi wa koti la meneja, akaukunja ndani ya ngumi, akatabasamu.