Oili Iliyotoka Nyekundu

Mshonaji alijua shati lile si la mumewe kabla hata mumewe hajafunga geti. Kola ilikaa upande, mishono ya mabegani ilikuwa imevutwa, na kifungo kimoja kilishonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Shati kama hilo yeye asingeliacha litoke mlangoni kwake. Asubuhi mumewe alikuwa ameondoka na shati jeupe alilomkatia na kumshonea kwa mkono wake. Sasa jioni alikuwa amerudi na hili, nywele mbichi, ananukia sabuni kali ambayo haijawahi kuingia nyumbani kwao.

"Ulikuwa wapi?"

"Gereji. Si ulisema gari likabadilishwe oili? Nimekaa kwenye benchi mpaka miguu imekufa ganzi."

"Na shati?"

"Limechafuka. Nimeazima."

"Na kuoga umeoga wapi?"

"Joto, mke wangu. Nimejimwagia maji tu."

Majibu yalikuja mafupi na ya haraka, kama ya mtu aliyeyakariri njiani. Mshonaji akasema haya, akampakulia chakula, akamtazama akila. Hakuuliza tena.

Mumewe alikuwa mwoka mikate wa zamu ya usiku. Wenzake kiwandani walimwita Hamira, kwa sababu walisema ni mpole mpaka umfunike na kumwacha mahali pa joto. Si mtu wa maneno mengi, na mtu asiye na maneno mengi ukianza kumshuku hana pa kukusaidia. Akinyamaza, mkewe anasema anaficha. Akiimba bafuni, anasema ana kinachomfurahisha. Wiki ya kwanza mshonaji alinusa mashati yote yaliyokuwa kwenye kapu la nguo chafu. Wiki ya pili alianza kumsikiliza akizungumza na simu, akiwa amesimamisha cherehani na mguu juu ya pedali ili aonekane yuko kazini. Akasikia habari za unga tu.

Aliyemtia wazo la oili ni wifi yake, dada wa Hamira, aliyekuja kuwatembelea kwa siku mbili na sasa alikuwa na rafu yake kabatini. Wifi alipenda sana kuangalia video za ufundi kwenye simu, ingawa hakuwahi kushika hata bisibisi.

"Tazama hapa, wifi," alisema siku moja. "Huyu anabadilisha oili mwenyewe nyumbani kwake. Anasema ikiwa mpya ina rangi ya asali. Ikishatumika sana inakuwa nyeusi ti."

Mshonaji akaacha kukata kitambaa. "Nyeusi ti?"

"Kama masizi."

"Na ikiwa imebadilishwa mwezi uliopita tu?"

Wifi akainua macho kutoka kwenye simu. Hakuwa mjinga. "Wifi, unataka kupima oili au unataka kumpima kaka yangu?"

"Nataka kubadilisha oili ya gari langu. Gari jipya linahitaji kutunzwa."

"Limetunzwa mpaka viti bado vina nailoni. Mtu akikaa anatoa sauti za aibu."

Ni kweli, gari lilikuwa jipya, dogo, wifi alipenda kuliita kiatu. Ndilo lililobeba mapazia ya mshonaji kwa wateja na kumpeleka Hamira kazini na kumrudisha. Lakini siku zile mshonaji hakuliona kama gari. Aliliona kama shahidi. Oili ikitoka safi, basi mumewe alikuwa gereji kweli, na shati ni shati tu. Ikitoka nyeusi, basi mchana ule wote alikuwa kwingine, ameoga kwa mtu, kavalishwa na mtu.

Alinunua galoni ya oili na chujio jipya, akavificha nyuma ya majora ya vitambaa. Akangoja.

Asubuhi waliyoichagua, Hamira alirudi kutoka zamu, akanywa chai, akalala. Mkoromo ulipokolea, wanawake wawili waliweka gia huru, wakalisukuma gari polepole mpaka likakaa juu ya mtaro mkavu wa saruji uliopita uani, magurudumu huku na huku. Wakayawekea mawe. Dirisha la chumba cha kulala lilikuwa hatua chache tu kutoka hapo, pazia limefungwa.

"Akiamka tutasemaje?" wifi alinong'ona.

"Tutasema tunaosha."

"Kwa spana?"

Mshonaji alikuwa ameshaingia mtaroni, amelala chali juu ya gunia, amevaa gauni kuukuu. Kwa chini gari lilikuwa na vitu vingi kuliko alivyodhani. Aliona bolti, kubwa, safi, imekaa mahali pa chini kabisa.

"Soma, inasemaje?"

"Inasema tafuta bolti iliyo chini. Fungua kwa kwenda kushoto. Weka beseni."

"Nimeiona."

"Ngoja, kuna maneno mengine hapa anaele..."

"Wifi, nimeiona!"

Alikuwa na haraka ya kuona rangi. Akaivuta spana kwa mikono miwili, bolti ikalegea bila ubishi, akaimalizia kwa vidole. Uzi mwembamba ukashuka kwenye beseni la plastiki, halafu ukawa mnene. Mshonaji akageuza uso kuutazama kwenye mwanga.

Ilikuwa nyekundu. Safi, inang'aa, unaona mpaka chini ya beseni.

"Si nyeusi," alisema. Sauti ilimtoka ndogo. "Wifi, si nyeusi hata kidogo."

"Lakini si rangi ya asali."

"Labda gari jipya lina yake. Ni safi, huoni? Ni mpya hii."

Akabaki amelala pale mtaroni huku matone ya mwisho yakidondoka. Mwezi mzima alikuwa amebeba jiwe kifuani na sasa halikuwepo. Alimkumbuka mumewe akila peke yake mezani huku yeye akimtazama mikono kama askari wa forodha. Masikini ya Mungu, mtoto wa watu. Alitamani aingie ndani amfunike vizuri shuka.

Akairudisha bolti, akaikaza sana, akatambaa nje, uso una vumbi na tabasamu. "Ile nyingine tumwagie, nimeshanunua. Iwe zawadi."

"Na chujio?"

"Chujio tutampa yeye aweke. Tutamwambia leo leo."

Wakafungua boneti, wakamimina galoni yote. Wifi akarudi kwenye video, na kwa kuwa sasa hakuna aliyemkatisha, aliisikiliza mpaka mbele. "Anasema sasa chomoa kijiti chenye kishikio cha njano. Kifute, kirudishe, chomoa tena. Oili isizidi alama ya juu."

Mshonaji akakichomoa. Akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Alama ya juu haikuonekana, ilikuwa imezama. Na oili iliyochuruzika kwenye kidole chake ilikuwa nyeusi.

Mshonaji akajipangusa kidole kwenye gauni, akakitumbukiza tena kijiti kana kwamba mara hii kitakuwa na adabu. Nyeusi. Nyeusi ti.

"Wifi," dada wa Hamira akasema polepole, akirudisha video nyuma. "Yale maneno uliyonikatisha. Anasema chini kuna bolti mbili. Anasema mwangalie msije mkafungua ya giaboksi, ile oili yake huwa nyekundu. Anasema giaboksi ikikauka mkaliendesha gari, mmeliua."

Mshonaji alisikia lakini neno lililomchoma halikuwa la giaboksi. Oili ya injini ni nyeusi, aliwaza. Haijawahi kubadilishwa. Hakwenda gereji. Lile jiwe likarudi, zito kuliko lilivyokuwa, na safari hii lilikuja na sura. Mwanamke mwenye bafu, mwenye sabuni yake, anayejua shati la mumewe lilipo.

Ndani simu ililia. Ikakatika. Ikalia tena, wakasikia Hamira akiitikia kwa sauti ya usingizi: "Sasa hivi? Na yeye ana homa? Basi, nakuja."

Mshonaji akafunga boneti. Akalivuta beseni lenye ile oili nyekundu, akalifunika kwa karai la kufulia, akakaa juu ya karai.

Hamira akatoka, macho mekundu, suruali ya kazi, anafunga mkanda. "Mwenzangu wa zamu ya mchana anaumwa. Wananitaka." Akalitazama gari juu ya mtaro. "Mnafanya nini?"

"Tunaosha," wifi akasema haraka.

"Ndoo iko wapi?"

"Ndo tunataka kwenda kuichukua."

Hamira alikuwa na usingizi mno wa kubishana. Akayaondoa mawe kwa mguu, akaingia, nailoni ikalia chini yake. Wifi akamtazama mshonaji. Mshonaji akatazama mbele. Kama angenyamaza, gari lingemfia njiani, mbele za watu, na Hamira angeulizwa maswali ambayo hakuyakariri majibu. Angejua ilivyo kusimama mahali huna jibu. Hakuna atakayejua ni nani aliyeitoa oili. Kusema, atasemaje? Ataanza na oili au ataanza na shati?

Injini ikawaka. Mkono wa Hamira ukashika gia.

"Zima!"

Alikuwa ameinuka, ameupiga ubapa wa mkono juu ya boneti. "Zima gari! Halina oili ya giaboksi. Nimeitoa mimi."

Hamira akazima. Akashuka. "Umeitoa wewe?"

"Nilitaka kuona oili ya injini. Nilitaka kuona kama ulikwenda gereji." Akaipiga boneti tena. "Hukwenda. Nimeona kijiti, ni nyeusi kama roho yako. Sema ulikuwa kwa nani. Sema leo, hapa, mbele ya dada yako."

"Hapo mimi msinitie," wifi akasema, lakini hakuondoka.

Hamira alipiga magoti, akainama mpaka shavu likakaribia saruji, akachungulia chini ya gari. Aliposimama uso wake ulikuwa wa ajabu, kama mtu aliyekutana na adui yake sokoni.

"Umefungua ile ya nyuma. Iliyo kubwa, inayofunguka kirahisi."

"Ndiyo."

"Ikatoka nyekundu. Kama sharubati."

Mshonaji akageuka taratibu kwa wifi yake.

"Usinitazame mimi," wifi akasema. "Sijafungua mdomo. Na beseni ulilikalia wewe."

"Umejuaje rangi?" mshonaji akamuuliza mumewe.

Hamira akajikuna kisogo. "Sikwenda gereji," akasema. "Uliponiambia mume wa jirani anabadilisha mwenyewe, unakumbuka? Ulisema mbele ya wageni, mkacheka. Basi nikaenda nyuma ya kiwanda nikaingia chini ya gari. Waokaji wote wametoka kunitazama, mikono ina unga. Nikafungua hiyo hiyo. Ikanimwagikia yote, usoni, kifuani, shati likawa kama nimechinja. Gari likagoma kutoka pale. Makanika akaitwa, akacheka mpaka akakaa chini, akajaza oili nyingine. Ndiyo hiyo uliyoimwaga, ndiyo maana ni safi. Ya injini nikaona aibu kumwambia, nikasema nitaifanya wiki ijayo."

"Uliogea wapi?"

"Kwenye sinki la kuoshea trei. Kwa sabuni ya trei. Shati akaniazima mwenzangu mmoja."

Mshonaji alimkodolea macho. Alitaka kuamini, na kwa sababu alitaka, akajishuku. Akaipitia ile habari kama anavyopitia mshono, akiuvuta huku na huku aone utaachia wapi. Sharubati. Hilo halikuachia. Mtu asiyewahi kufungua bolti ile asingelijua.

"Kwa nini hukusema?"

"Ungecheka."

"Ningecheka," akakubali. "Mimi mwezi mzima nakunusa kama paka, ningecheka nikalala."

Hamira akaangalia saa, akapiga simu kiwandani akasema atachelewa, gari bovu. Hakusema bovu kwa nini. Halafu akaketi kwenye ukingo wa mtaro, mkewe akaketi pia, si karibu sana.

"Siku nyingine ukinishuku, niulize," Hamira akasema.

"Nilikuuliza. Uliniambia joto."

Hamira akajipangusa vumbi shavuni.

"Nikikuuliza sasa utasema kweli?"

Hamira alifikiri. Alifikiri muda mrefu kidogo kuliko inavyotakiwa.

"Unaona?" mshonaji akasema.

"Nitasema. Niulize chochote. Tuanze sasa hivi."

Mshonaji akamtazama kwa pembeni. Maswali makubwa yote yalikuwa yamekwisha, au yalikuwa yamejificha. Lililokuja lilikuwa dogo, na akashangaa kwamba linamtia hofu kuliko yale mengine.

"Mapazia niliyoshona ya sebuleni. Yale ya maua. Unayapenda?"

Hamira akamtazama dada yake. Akalitazama gari. Jasho jembamba likamtoka.

"Hapana," akasema.

Mshonaji akavuta pumzi. Akaitikia kwa kichwa taratibu, mara moja, halafu akasogea karibu zaidi ukingoni.

"Tangu lini?"

"Tangu uyatundike."

"Hata mimi," wifi akadakia.

"Wewe hujaulizwa," wakasema wote wawili.