Uzito wa Evode

Adelaïde alipofika, Hilaire alikuwa akifuta vumbi kwenye paneli ya sola, kwa kuwa bila jua hakuna kazi. Alisomea fizikia Kinshasa, vita vikafunga barabara, akabaki kwao Karuba, huko Masisi, akiifanyia kazi maabara moja ya Ulaya kwa kompyuta. Programu ilisoma migongano ya chembe ndogo mno, naye Hilaire alichagua kila mgongano uwe na uzito gani. Wenye moja uliingia kwenye jumla. Wenye sifuri ulikuwa umetokea, ila haukuhesabiwa.

Tangu mvua zianze, mashambulizi ya Masisi nayo yalikuwa yakiingia katikati ya migongano hiyo. Programu iliyapa sifuri yenyewe, na hakuna aliyeona ajabu.

Adelaïde alitoka Ngungu. Watu wenye bunduki walikuwa wamemuua mumewe, Evode, shambani. Damu yake haikuacha doa. Walipomzika, udongo wote ulirudi shimoni na ardhi ikawa sawa, kama vile hapakuchimbwa kitu. Adelaïde alilia, kitenge hakikulowa.

"Kaka Hilaire, balinieleza asema weye njo unachagulaka benye banahesabiwa," alisema. "Bamuhesabu Evode naye. Sijue ata nasimama wapi juu ya kumulilia."

Hilaire akalitafuta shambulio la Ngungu, akaliandikia moja. Adelaïde akapangusa macho, mkono ukalowa. Alirudi kwao akakuta kaburi limeinuka, refu kama mwanamume aliyelala. Alilia vizuri wiki nzima.

Kisha profesa wa ile maabara akaandika kwamba kwenye mchoro wa jumla kuna kinundu kisichoelezeka, kiondolewe. Mwenye nguvu mpishe. Anayekulipa, mpishe mara mbili. Hilaire aliona aibu, kisha aibu ikapita, kama mambo mengi yalivyopita mwaka ule. Akaupunguza uzito wa Evode kidogo kidogo, mpaka profesa akaridhika: awepo, asiwepo, matokeo hayabadiliki.

Alikwenda Ngungu mwenyewe kumweleza Adelaïde. Kaburi lilikuwa limebaki kichuguu kidogo, kiasi cha udongo anaotoa fuko. Mbuzi walipita juu yake. Adelaïde alikuwa ameshika msalaba wa mbao aliochongewa na seremala.

"Itasimama hapa?" aliuliza.

Hilaire akapima kwa macho. "Hapana, Mama. Itaanguka."

Adelaïde akaurudisha nyumbani, akauegemeza nyuma ya mlango, akaenda kupalilia maharage.